Jipu la mtoto, kuku wa uani na vumbi la chumbani

SWALI

Ndugu wataalamu, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka 4 aliota jipu pajani. Jirani akanishauri nifungue kidonge cha rangi mbili nimnyunyizie unga wake juu ya jipu. Nilifanya hivyo siku mbili, halikukauka. Dukani nikapewa amoksilini ya maji, nikampa siku nne, nikaona hakuna nafuu, nikaacha. Mwishowe tukaenda hospitali, wakalipasua, usaha mwingi ukatoka, na kidogo wakapeleka maabara kuotesha. Majibu yameandikwa Staphylococcus aureus, na chini yake: FOX – R, E – R, DA – S, SXT – S. Daktari akasema ni MRSA, bakteria sugu, akabadilisha dawa akatupa klindamaisini. Foleni ilikuwa ndefu, sikupata nafasi ya kuuliza zaidi. Kidonda sasa kinafunga vizuri.

Kinachoninyima usingizi ni maneno ya shemeji yangu. Amesoma kwamba vumbi la ndani ya nyumba limejaa bakteria sugu, na anasema mtoto kayapata humo. Nyumba yetu iko kando ya barabara ya udongo, na nyuma ya chumba cha watoto nina banda la kuku chotara 80. Dirisha la watoto linatazama banda. Kila wiki nawawekea OTC, antibiotiki ya kuku, kwenye maji kama kinga, kijiko kimoja kwa ndoo, kwa sababu mwaka jana walikufa karibu nusu. Asubuhi nafagia banda, kisha nafagia ndani kwa ufagio wa chelewa. Mdogo wao ana miezi 10, anatambaa kila mahali na mikono mdomoni.

Naomba mnijibu: nipeleke vumbi maabara lipimwe? Nipige jiki nyumba nzima kila siku? Sote sita nyumbani tunywe dawa ili tujisafishe? Na kuku, niwauze?

Mama mfugaji, Mbagala

JIBU

Mama, barua yako ina mambo matatu kwenye furushi moja: jipu, kuku na vumbi. Shemeji yako ameyafunga pamoja, na si kosa lake, maana yote matatu yanagusa usugu, yaani bakteria kutosikia dawa. Lakini kila moja lina njia yake. Ukiyachanganya utamaliza hela kwenye jiki mahali panapohitaji taulo ya peke yake na kucha fupi.

Tuanze na karatasi ya majibu, kwa sababu ina habari ambazo hukuambiwa.

Maabara huwatandaza bakteria juu ya sahani yenye chakula chao, kisha huweka vikaratasi vidogo vya duara vilivyolowekwa dawa. Kesho yake huangaliwa dawa ipi imeacha duara tupu pembeni yake, na duara hilo hupimwa kwa rula. FOX ni sefoksitini. Kwa kikaratasi cha mikrogramu 30, duara la milimita 21 kushuka ni R, yaani sugu. 22 kwenda juu ni S, yaani dawa inafanya kazi. Mwanao hatapewa sefoksitini. Hiyo huwekwa kama kipimo cha ukoo mzima. FOX ikiwa R, basi penisilini zote, kloksasilini na sefaleksini zimeanguka pia, hata kama hazikuandikwa kwenye karatasi. Bakteria huyo kwa kawaida ana jeni iitwayo mecA, inayomtengenezea protini ya akiba ya kujengea ukuta wake. Dawa inakamata protini ya kawaida, yeye anaendelea kujenga kwa ile ya akiba. Na amoksilini peke yake ingeshindwa hata kwa stafilokokasi wengi wasio MRSA, kwa kuwa wengi wao wana kimeng'enya cha kuivunja. Kwa jipu, ile chupa ya dukani ilikuwa chaguo baya tangu mwanzo, uimalize usiimalize.

Sasa tazama E – R na DA – S zikiwa pamoja. E ni erithromaisini, DA ni klindamaisini. Hapo maabara inatakiwa kufanya kipimo cha D: vikaratasi vya dawa hizo mbili huwekwa jirani, milimita 15 hadi 26 kati yao. Ikiwa duara la klindamaisini limebonyea upande unaotazama erithromaisini, likawa na umbo la herufi D, maana yake bakteria ana usugu uliolala; akikutana na dawa anauamsha, na klindamaisini iliyosomeka S inaweza kushindwa katikati ya tiba. Kidonda cha mwanao kinafunga, kwa hiyo maliza dozi kama ulivyoandikiwa na usibadilishe kitu. Jipu likirudi, hilo ndilo swali lako la kwanza dirishani: "Kipimo cha D kilifanyika?" SXT ni kotrimoksazoli, ile watu wanayoiita Septrin, imebaki kama mlango wa pili, daktari akiona inafaa.

Tuseme pia kwamba kilichomponya kwa sehemu kubwa ni kisu. Usaha uliofungiwa hauingiliki vizuri na dawa yoyote, ukitolewa mwili unamalizia kazi. Unga wa kidonge cha rangi mbili, ambacho kwa kawaida ni tetrasaikilini, ukiwekwa juu ya kidonda haufiki ndani kwenye usaha. Unachofanya ni kuwapa bakteria wa ngozi yote jirani kionjo cha tetrasaikilini kisichotosha kuwaua, na kutengeneza gamba linaloficha kinachoendelea chini.

Je, alipata kwenye vumbi? Inawezekana, ila si njia ya kwanza kuifikiria. Takriban watu 3 kati ya 10 hubeba Staphylococcus aureus puani bila kuumwa chochote. Kutoka puani anakwenda kidoleni, kutoka kidoleni anakwenda kwenye mchubuko, upele au mahali mbu alipouma na kucha ikakwaruza. Jipu la paja la mtoto wa miaka 4 kwa kawaida lina historia hiyo. Baada ya hapo bakteria husafiri kwa taulo moja ya familia, dodoki moja, shuka moja, wembe mmoja wa kunyolea watoto wote. Ukiwa na nguvu za kufanya jambo moja tu wiki hii, basi ni hili: kila mtu na taulo yake na dodoki lake, kucha za watoto zikatwe, kidonda kifunikwe mpaka kikauke kabisa. Bandeji iliyotoka ifungwe kwenye mfuko kabla ya kutupwa, na mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Shuka na nguo zinazogusa kidonda zibadilishwe kila siku, zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani, kisha zipigwe pasi ya moto.

Watu sita kunywa antibiotiki ili "kujisafisha", hapana. Vidonge vya kumeza haviondoi vizuri bakteria anayekaa puani, lakini vinafyeka bakteria wema wa tumboni na kuwaachia nafasi walio sugu. Kuna taratibu za kusafisha pua na ngozi kwa marhamu ya mupirosini na sabuni ya klorheksidini, kwa kawaida siku 5, na daktari huzianzisha pale majipu yanaporudi tena na tena au yanapozunguka ndani ya nyumba moja. Jipu moja halijafika huko, na marhamu hayo nayo yana usugu wake yakitumiwa ovyo.

Arudishwe hospitali siku hiyohiyo akipata homa, wekundu ukisambaa, akianza kuchechemea au kukataa kuutumia mguu, akipumua haraka, au jipu jipya likitokea usoni karibu na pua na jicho. Wekundu uchorewe mpaka kwa kalamu ya wino. Ukivuka mstari ndani ya saa chache, usingoje asubuhi. Na yule wa miezi 10 akiota jipu, asijaribiwe chochote nyumbani.

Sasa vumbi lenyewe.

Vumbi la chumbani ni mchanganyiko wa magamba ya ngozi yenu, nyuzi za nguo na shuka, udongo wa barabarani, masizi ya mkaa, vipande vya mende, na kwenu wewe, manyoya na kinyesi cha kuku kilichokauka. Bakteria wamo wengi, na walio wengi hawana ubaya: wale wa ngozi na wale wa udongo. Kinachosahaulika ni kwamba vumbi ni kavu mno kwa bakteria kuzaliana. Wamo wanasubiri, na wengi wanakufa humo humo. Wachache ni wavumilivu kweli. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba Staphylococcus aureus, pamoja na MRSA, anaweza kubaki hai juu ya vitu vikavu kwa siku 7 hadi miezi 7, na E. coli, bakteria wa utumbo, kuanzia saa moja na nusu hadi miezi 16. Pengo hilo kubwa linatokana na unyevu, joto na uchafu uliomzunguka. Ndiyo maana kona inayovuja chini ya ndoo ya maji ni ya kuangaliwa kuliko vumbi kavu juu ya kabati. Vumbi likilowa na kubaki limelowa, waliolala wanaamka na ukungu unajiunga nao.

Kuhusu usugu, shemeji hakusema uongo. Mwaka 2016 mtafiti Erica Hartmann na wenzake walichapisha uchunguzi wa vumbi la jengo la michezo na masomo huko Marekani: sampuli zenye triklosani zaidi, ile kemikali ya sabuni za "kuua vijidudu", zilikuwa pia na jeni za usugu zaidi. Mwaka 2020 timu yake ikaonyesha, kwa vumbi la majengo zaidi ya 40, kwamba baadhi ya jeni hizo zimekaa kwenye sehemu za vinasaba zinazoweza kuhamishwa kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Ila kipimo cha jeni hakitofautishi sana aliye hai na mfu. Mzoga wa bakteria bado una jeni zake. Kukuta jeni ya usugu kwenye vumbi ni kama kukuta ufunguo barabarani: haujui mlango wake, wala kama mwenyewe bado anaishi.

Kwa hiyo usipeleke vumbi maabara. Nyumba yoyote, hata ya daktari, ikipimwa kwa vipimo vya kisasa itaonyesha jeni za usugu. Hakuna kiwango kilichowekwa cha kusema "hili ni salama, hili hapana", na jibu lolote utakalopewa litakurudisha kwenye kazi zilezile tunazozieleza hapa. Hela hiyo inunue ndoo ya pili na kidekio.

Anayestahili kufikiriwa zaidi katika habari ya vumbi ni mtambaaji wako wa miezi 10. Watoto wa umri huo humeza makumi ya miligramu za vumbi kwa siku, kwa kulamba tu vidole na vitu walivyookota. Mkeka au kanga safi ya kuchezea, inayofuliwa mara mbili kwa wiki na isiyokanyagwa na viatu, inampunguzia mengi. Mikono yake ioshwe kabla ya kula na kila atokapo sakafuni.

Ufagio wa chelewa sakafuni pakavu ndio kosa kubwa la asubuhi yako. Chembe nzito unazisukuma nje, zile laini unazirusha hewani, zinaelea, kisha zinatua juu ya kitanda, chandarua na chakula baada ya wewe kumaliza. Fanya hivi. Fungua madirisha ya upande usiotazama banda. Anza juu: pangaboi, kisha juu ya kabati, kisha dirisha, sakafu iwe ya mwisho. Bapa za pangaboi zivishwe foronya kuukuu iliyolowekwa na kukamuliwa, uivute kuelekea kwako. Vumbi lote linabaki ndani ya foronya badala ya kunyeshea vitanda. Sakafu ya saruji au vigae pitisha kitambaa chenye unyevu, si kinachochuruzika maji. Tumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, na maji ya kusuuzia yamwage yakishakuwa meusi. Kwa ndoo moja, kufikia chumba cha pili unapaka tope jembamba la chumba cha kwanza. Kitambaa kifuliwe na kuanikwa juani. Kikiachwa kimejikunja ndani ya ndoo, ndicho kitakachokuwa kitu kichafu kuliko vyote nyumbani. Chumba cha watoto mara tatu kwa wiki kinatosha, na kila siku kwa mlangoni panapoingilia viatu. Viatu vibaki nje.

Jua nalo linasaidia, kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon walijaza vumbi kwenye vyumba vidogo vya mfano wakaviacha siku 90. Vyumba vya giza vilibaki na wastani wa 12% ya bakteria wakiwa hai. Vilivyopata mwanga wa mchana kupitia kioo vilibaki na 6.8%. Fungua pazia asubuhi, ila usitegemee pazia likudekie.

Jiki kila siku nyumba nzima haina maana. Klorini huliwa na uchafu: ukiimwaga juu ya vumbi inamalizikia kwenye vumbi, bakteria wa chini wanabaki. Osha kwa sabuni kwanza, ndipo jiki ipite mahali penye sababu, kama vile choo, mahali ulipodondokea usaha, au meza uliyochinjia kuku. Soma lebo, nyingi ni 3.5%. Kupata 0.1% inayofaa sakafu na meza, gawanya 3.5 kwa 0.1 unapata 35, toa 1: kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo 34 vya maji. Kwa lita moja ni mililita 30 hivi, vijiko viwili vya chakula. Pabaki pamelowa dakika 10, kisha suuza sehemu zinazoguswa na chakula au mtoto. Changanya ya leo tu, kwa maji baridi, kwa sababu ikikaa hadi kesho inapungua nguvu na maji ya moto yanaivunja. Usiichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Na kwa mfugaji, sikiliza hili vizuri: usiimwage kwenye matandazo ya banda yenye kinyesi. Kinyesi cha kuku kina amonia, vikikutana vinatoa gesi inayochoma macho na mapafu, na bakteria humuui. Mtoto asiogeshwe kwa jiki.

Sabuni za kuogea zilizoandikwa "inaua 99.9%" nazo ziache. Septemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilizuia kemikali 19, triklosani na triklokabani zikiwemo, kwenye sabuni za kunawia za majumbani, kwa kuwa watengenezaji hawakuonyesha kuwa zina usalama wa kutosha wala kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Sabuni ya kipande unayotumia sasa inatosha.

Tumefika kwenye banda, na hapa hatutakubembeleza.

Kuku wako pengine hawahusiki na jipu. MRSA wa mifugo aliyeandikwa sana huko Ulaya ni wa nguruwe. Kwa kuku hofu yetu iko zaidi kwa E. coli na Salmonella sugu, wanaoingia tumboni kupitia mikono, mayai machafu, nyama na vumbi la banda. Na kiwanda cha usugu huo kwako ni kijiko cha OTC cha kila wiki.

OTC ni oksitetrasaikilini, ya ukoo wa tetrasaikilini. Haigusi virusi, na kilichokuulia nusu ya kuku, ikiwa walikufa kwa mkumbo ndani ya siku chache wakihema, wakiharisha kijani na kupinda shingo, kinafanana sana na mdondo, yaani kideri, ambao ni wa virusi. Ungeweka ndoo nzima ya OTC wangekufa vilevile. Pili, chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi, na kalsiamu huifunga tetrasaikilini tumboni isinyonywe vizuri. Ongeza kijiko cha kukadiria na kuku mmoja mnywaji, mwingine mvivu: kundi zima linapata dozi ndogo ndogo, isiyotibu, inayochuja bakteria dhaifu na kuwaacha wakorofi. Tatu, sehemu kubwa ya dawa hutoka kwenye kinyesi ikiwa bado ni dawa. Kinyesi kinakauka, unakifagia, kinapaa, dirisha la watoto liko pale. Huko Ujerumani walipima sampuli za vumbi zilizotunzwa miaka 20 kutoka banda moja la nguruwe, 1981 hadi 2000. Sampuli 9 katika kila 10 zilikuwa na mabaki ya antibiotiki, tetrasaikilini ikiwemo. Majibu hayo yalichapishwa mwaka 2003. Na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilishauri wafugaji waache kabisa kuwapa wanyama wasio wagonjwa antibiotiki kama kinga au kichocheo cha kukua.

Kinga ya kuku ni chanjo. Ratiba inayotumika sana kwa vifaranga ni kideri siku ya 7, gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku, siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, na ndui kama afisa mifugo wako atakavyokuelekeza. Kwa wakubwa, chanjo ya kideri iitwayo I-2, inayovumilia joto, hutolewa tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi 3 hadi 4. Chanjo za kwenye maji wengi huziua wenyewe bila kujua: maji ya bomba yana klorini, na chanjo hizo ni virusi hai. Tumia maji ya kisima au ya mvua yaliyo safi. Ukilazimika kutumia ya bomba, yaweke wazi usiku kucha, kisha koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita kabla ya kutia chanjo. Vyombo visioshwe kwa dawa siku hiyo, viwe vya plastiki. Kuku wanyimwe maji saa moja hadi mbili, ili chanjo yote inywewe ndani ya saa mbili.

Kuku wakiumwa kweli, mpeleke mmoja mgonjwa na mmoja aliyekufa muda huohuo kwa daktari wa mifugo kabla ya kununua unga. Kuhara damu kwa vifaranga, kwa mfano, mara nyingi ni koksidiosisi, na dawa yake ni amproliamu, si OTC. Ukiandikiwa antibiotiki, pima kwa uzito wa kundi na siku zilizoandikwa. Muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo ukiwa haujaisha, mayai hayo usiuze wala usile.

Usiuze kuku. Hamisha upepo. Kama uwanja unaruhusu, banda liende upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda bandani. Kama hauruhusu, dirisha hilo la watoto lifungwe wakati wa kusafisha na saa moja baadaye, na mfungue la upande mwingine. Matandazo ya maranda yawe unene wa sentimita 5 hadi 10. Kabla ya kuyazoa, yanyunyizie maji kwa chombo cha kumwagilia bustani, yapate unyevu tu wa kuzuia vumbi. Yakilowa chapachapa amonia inapanda. Vaa barakoa inayobana vizuri, gauni la kazi na kandambili za banda, vyote vibaki hukohuko mlangoni. Na geuza ratiba yako: nyumba kwanza, banda baadaye, kuoga mwisho. Kwa sasa unatoka bandani na nguo zilezile unaingia kufagia chumba cha watoto.

Mbolea irundikwe mbali na kisima, rundo lisipungue mita moja kila upande, na unyevu wake ukiufinya mkononi ushikamane bila kudondosha maji. Likichemka vizuri ndani hufika nyuzi 55 za Selsiasi na zaidi. Liache lichemke siku 3 angalau, geuza lililo nje liingie ndani, lichemke tena. Bakteria wengi wa magonjwa hufa hapo. Jeni za usugu hupungua, hazitoweki zote. Kwa hiyo mbolea hiyo ni ya migomba na mahindi, mchicha wa kula wiki ijayo usiusogelee.

Kimebaki chandarua cha watoto, ambacho kwenye nyumba yenu bila shaka kina vumbi la banda. Kama ni chenye dawa, kifue si zaidi ya mara moja kwa miezi 3, kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, bila jiki na bila kusugua kwa nguvu, maana ndivyo dawa ya mbu inavyotoka. Katikati ya hapo kitoe nje, kikung'ute upande usio na upepo wa kurudi ndani. Shuka tumekwambia zianikwe juani. Chandarua kianikwe kivulini.